Asiyesikia la Mkuu

(Mazungumzo ya ibada kama yalivyotolewa redioni. Somo: Warumi 13:1-10)

Karibuni tuketi pamoja kwa dakika chache hizi, ninyi mlio nyumbani mkipumzika, ninyi mlio safarini, na ninyi mlio vitandani hospitalini, ambao kwenu redio ndiyo mwenzi wa usiku. Aliye na Biblia karibu na aifungue katika Waraka wa Paulo kwa Warumi, mlango wa 13, tangu mstari wa kwanza hata wa kumi.

Katika mistari hiyo twakuta mambo mawili ambayo watu hupenda kuyatenga. Mwanzoni Mtume aongea juu ya wenye mamlaka na upanga walio nao. Mwishoni aongea juu ya kumpenda jirani, kwamba huko ndiko kuitimiza sheria. Wako watu wanaopenda kuisoma nusu ya kwanza tu, hasa wakiwa na cheo. Wako na wengine wanaopenda nusu ya pili tu, hasa wakitakiwa kulipa kodi. Lakini Paulo aliandika barua moja. Leo twataka kuzisoma nusu zote mbili pamoja, huku tukizikumbuka siku zile za korona tulipoamriwa kukaa majumbani.

Huenda mtu akauliza, mambo hayo si yamekwisha? Kweli, tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura ya ugonjwa ule imefikia kikomo. Basi kwa nini tuyafukue? Ni kwa sababu maradhi hayaishi duniani. Mnamo Julai 2024 Wizara ya Afya ilitutangazia mgonjwa wa kwanza wa mpox katika nchi yetu, aliyegunduliwa mpakani huko Taita Taveta. Kipindupindu nacho chajulikana kwetu tangu zamani. Iko siku tutaambiwa tena: msikusanyike, msisafiri, fungeni milango. Ni heri tufikiri sasa, vichwa vikiwa vimetulia, siku hiyo tutatii kwa sababu gani.

Tukumbuke kwa ufupi yaliyopita. Mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye ikatolewa amri ya kufunga shule. Kabla ya mwezi kwisha, makanisa na misikiti ilikuwa imefungwa, na tangu tarehe 27 Machi tukawa na kafyu, hakuna kutoka nje tangu saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili ikaja amri ya kutoingia wala kutoka katika eneo la Nairobi, na mara baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale. Kafyu ile ilibadilishwa saa zake mara kadhaa, lakini haikuondolewa kabisa mpaka Siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba 2021. Ilikuwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

Je, amri zile zilikuwa na maana? Zilikuwa nayo. Ugonjwa ule ulikuwa na hila yake. Mtu aliyeshikwa na virusi aliweza kumwambukiza mwenzake kabla hajajisikia mgonjwa, na wengine hawakujisikia wagonjwa hata kidogo. Mtu mwenye nguvu zake, anayecheka na kupiga soga, aliweza kubeba nyumbani mauti ya nyanya yake bila kujua. Basi ilipasa kila mmoja ajihadhari kana kwamba ndiye mwenye ugonjwa. Hilo ni jambo gumu kuliamrisha, kwa maana askari aweza kuiona barakoa usoni, lakini hawezi kuiona pumzi.

Wazee wetu wana mithali isemayo, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Ni mithali ambayo kila mwenye amri huipenda, na ni mithali ya kweli. Lakini tuitazame vizuri. Mzee amwambia kijana, "Usipite njia ile usiku, kuna shimo." Kijana hasikii. Apita, atumbukia, guu lavunjika. Ni nini kilichovunja guu? Ni shimo. Mzee aliliona shimo akatoa onyo kwa sababu ampenda kijana. Hakutwaa rungu akalivunja guu yeye mwenyewe ili mithali ipate kutimia.

Wapendwa, katika siku zile guu lilivunjwa na mkuu. Jioni ya siku ya kwanza ya kafyu, Ijumaa tarehe 27 Machi 2020, wafanyakazi wa Mombasa walikuwa wakikimbilia kivuko cha Likoni ili wavuke kwenda makwao. Saa ya kafyu ilikuwa haijafika. Walirushiwa gesi ya kutoa machozi, wakapigwa marungu na mateke, wakalazimishwa kubanana chini, mtu juu ya mtu. Fikirini jambo hilo. Amri ilitolewa ili watu wasikaribiane na wasikoholeane. Katika kuitekeleza, watu walikusanywa pamoja, wakakohoa, wakafuta machozi kwa mikono ambayo hawakuinawa.

Usiku wa tarehe 30 mwezi ule ule, huko Kiamaiko, Nairobi, mvulana wa miaka 13 alikuwa kwenye roshani ya nyumba yao. Askari walikuwa chini barabarani wakisimamia kafyu. Risasi ikampata, akafa. Amri ilisema watu wakae nyumbani, na mtoto yule alikuwa nyumbani. Tarehe 1 Aprili Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba wananchi msamaha kwa ukali uliopita kiasi. Hata hivyo, kufikia mwanzo wa Juni, IPOA, mamlaka iliyowekwa kuchunguza mwenendo wa polisi, ilitaja vifo 15 vilivyohusishwa na askari katika kazi hiyo ya kafyu.

Hatusemi hayo ili kuwalaani askari wote. Wapo waliosimama vizuizini mchana na usiku, mvuani na juani, wakisema na watu kwa upole, na Mungu anawajua. Lakini Paulo asemapo kwamba mtawala hana upanga bure, asema pia kwamba mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa faida yetu. Mtumishi hutumwa kazi. Mchungaji wa kondoo hupewa fimbo ya kumfukuzia fisi, na akiigeuza akampiga nayo kondoo, fisi yuko wapi? Yuko palepale kichakani, anangoja.

Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya somo letu. Sasa tuigeukie ya pili, kwa maana hapo wananchi nasi twaulizwa.

Katika mstari wa tano Mtume ataja sababu mbili za kumfanya mtu atii. Ya kwanza ni kuogopa adhabu. Ya pili ni dhamiri, ile sauti iliyo ndani ya mtu hata akiwa peke yake. Asema tusitii kwa ajili ya ile ya kwanza tu. Je, katika siku zile ni ipi iliyoonekana zaidi? Mtakumbuka jinsi abiria katika matatu walivyokuwa wakikaa barakoa zikiwa kidevuni. Kizuizi kikionekana mbele, kondakta atoa sauti, nyuso zote zafunikwa. Kizuizi kikipitwa, barakoa zarudi kidevuni. Ilikuwa barakoa ya kumwogopa askari, nayo haimkingi mtu, kwa maana virusi havikuwa vikikaa kizuizini.

Wako waliopita njia za panya usiku ili kutoka Nairobi, wakaenda kuwasalimu wazazi waliokuwa salama mpaka walipofika wao. Wako waliofunga milango ya baa kwa nje, huku ndani watu wamejaa. Na wako waliompa mtu kitu kidogo barabarani ili wapite. Ndugu msikilizaji, kizuizi kiliweza kula hongo, lakini ugonjwa haukula hongo ya mtu. Ulipita pamoja na mwenye kuitoa, ukaketi naye garini, ukafika naye kwa mama yake.

Wakubwa nao hawakukosa sehemu yao. Mwaka ule ule wa 2020, wakati ambapo maskini alizuiwa kumzika ndugu yake kwa heshima aliyoizoea, viwanja vilijaa watu katika mikutano ya siasa, mpaka ikabidi tarehe 4 Novemba mikutano hiyo isimamishwe kwa siku 60. Mtoto akimwona baba anavuka ua aliloambiwa yeye asilivuke, hataliheshimu ua lile tena. Sheria hupungua nguvu pale anayeitunga anapoiruka.

Basi twaona mambo mawili yanavyofuatana. Watu wanapoikataa kazi ya dhamiri, Serikali hushika rungu. Serikali inaposhika rungu, watu huacha kuogopa ugonjwa wakaogopa rungu. Na mtu anayeogopa, hufanya nini? Hujificha. Hapo ndipo hatari ilipo kubwa kuliko zote.

Kumbukeni habari za karantini. Waliopelekwa huko walidaiwa gharama za malazi na chakula, na wengine hawakuruhusiwa kutoka kwa sababu ya deni. Wengine walipelekwa huko kwa kuvunja kafyu, kana kwamba karantini ni jela. Mnamo Aprili 2020, jijini Nairobi, baadhi yao waliruka ukuta wakatoroka. Mwezi wa Mei Serikali ilitangaza kwamba itawalipia waliokuwa katika vituo vyake, na ikafanya vyema. Lakini tujiulize, ni wangapi waliokuwa na kikohozi wakakaa kimya? Ni wangapi waliokataa kutaja majina ya waliokula nao, wasije nao wakachukuliwa? Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Kazi ya daktari katika ugonjwa wa kuambukiza yategemea mgonjwa aseme kweli, nayo kweli hiyo haitolewi kwa kiboko.

Historia ya Kanisa letu la Anglikana ina kisa kimoja kinachoweza kutusaidia hapa. Katika wilaya ya Derbyshire, huko Uingereza, kuna kijiji kiitwacho Eyam. Mwaka 1665 tauni iliingia kijijini humo. Yasemekana ilikuja na nguo zilizotoka London kwenda kwa fundi mshonaji. Watu walianza kufa. Mwaka uliofuata, tauni ilipozidi, wengi walitaka kukimbilia miji ya jirani. Kasisi wao, William Mompesson, alikuwa kijana, na hakuwa amekaa nao siku nyingi. Akaenda kwa Thomas Stanley, kasisi wa kabla yake, aliyekuwa ameondolewa madarakani kwa sababu ya tofauti za mambo ya ibada. Watu hawa wawili hawakuwa wa upande mmoja, lakini walisimama pamoja mbele ya watu wakawasihi: tusitoke, tusiupeleke ugonjwa huu kwa wenzetu.

Watu wakakubali. Hawakuzungukwa na kikosi cha askari. Waliweka mpaka wao wenyewe. Kanisa likafungwa, ibada ikawa inafanyika bondeni, kila jamaa wakikaa mbali na wenzao. Kila nyumba ikawazika watu wake. Watu wapatao 260 walikufa katika kijiji hicho. Miongoni mwao alikuwamo Catherine, mke wa Mompesson, aliyefariki Agosti 1666. Kasisi aliwaomba watu wakae, na yeye pamoja na mkewe wakakaa.

Lakini kuna sehemu ya kisa hiki ambayo mara nyingi husahauliwa. Watu wale walikula nini? Mtawala mkubwa wa sehemu zile, aliyekuwa na cheo cha Earl wa Devonshire, alisaidia kuwapatia mahitaji. Watu wa vijiji vya jirani walileta vyakula wakaviweka kwenye jiwe la mpakani, na fedha za kulipia zikaachwa ndani ya siki ili zitakasike. Mpaka ule ulishikwa na watu wa pande mbili. Wa ndani walizuia miguu yao, na wa nje wakanyosha mikono yao. Kama mikono ile isingenyoshwa, twafikiri miguu ingekaa siku ngapi?

Neno hilo latuleta nyumbani kwetu. Tulipoambiwa tukae ndani, mwenye mshahara wa mwezi na jokofu lililojaa alikaa. Lakini kibarua alipwaye jioni kwa kazi ya mchana, akikaa leo, watoto hawali leo. Mama mboga akifunga kibanda, mboga zaoza na mtaji waoza pamoja nazo. Tuliambiwa tunawe mikono kila mara, na huko mitaani maji hununuliwa kwa mtungi. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili 2020, Wakristo walipokuwa wakikumbuka mateso ya Bwana, watu wa Kibra jijini Nairobi walikanyagana na kuumizwa wakigombea chakula cha msaada. Hawakuwa wakaidi. Walikuwa na njaa.

Sheria ya Musa yatufundisha jambo hapa. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, mlango wa 13 na wa 14, kuhani alipewa mamlaka ya kumtenga mwenye ukoma nje ya kambi. Ilikuwa amri kali. Lakini ilipofika siku ya kumtazama kama amepona, mgonjwa hakuingia kambini kumtafuta kuhani. Kuhani alitakiwa atoke, aende nje ya kambi kwa mgonjwa. Yule mwenye uwezo wa kumfungia mtu mlango alikuwa na wajibu wa kumfuata huko alikomfungia. Hiyo ndiyo mizani ya kupimia kila amri ya namna hii. Wewe uliyefunga mlango, je, umeuzunguka ukaona aliye ndani yu hali gani?

Sasa mtu atasema, "Lakini, mchungaji, wako wakaidi. Ukingoja dhamiri ziamke, watu watakwisha." Ni kweli wako wakaidi, wala hatusemi sheria iondolewe. Ua huwekwa hata penye kondoo wapole. Lakini mkaidi yuko na njia yake: ashtakiwe mbele ya hakimu, ahukumiwe kwa kadiri ya kosa lake. Kanuni za mwaka ule ziliweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Mtu aweza kusema faini hiyo ni nzito mno kwa asiye na kitu, na pengine asema kweli. Lakini hata hiyo nzito haikutaja rungu la mgongoni wala risasi. Mtekelezaji wa sheria anapoipita sheria, yeye naye amekuwa mmoja wa wale wakaidi.

Basi tufanye nini, sisi tulioitwa kwa jina la Kristo? Twataja mambo matatu.

La kwanza, tuzoee kutii pale ambapo hakuna jicho linalotuona. Anayesafisha kisima kwa sababu afisa wa afya anakuja kesho, na anayekisafisha kwa sababu mtoto wa jirani atakunywa leo, wote wawili wamesafisha kisima. Lakini ni wa pili ambaye kisima chake kitakuwa safi mwezi ujao.

La pili, tuwaambie wenye mamlaka kweli, kwa adabu na bila woga. Chifu anapoita baraza kutangaza amri, wazee wa kanisa na wahudumu wa afya wa kijijini wawepo, na waulize: wagonjwa wa shinikizo la damu watapata dawa wapi? Mama mwenye uchungu wa kuzaa saa nane za usiku atapitaje barabarani? Wa kibarua watakula nini juma la pili? Kuuliza hivyo si uasi. Ni kumsaidia mtumishi wa Mungu afanye kazi aliyotumwa.

La tatu, tujiandae kabla ya siku mbaya. Kila kanisa lijue katika mtaa wake ni wazee gani wanaoishi peke yao, ni nyumba gani haina maji, ni nani asiyeweza kukaa siku mbili bila kazi. Akina mama wetu wanajua mambo hayo kuliko ofisi yoyote. Kuwe na akiba, hata ikiwa ni magunia machache ya mahindi na maharagwe yaliyotolewa wakati wa mavuno. Katika siku za korona wapo wenye nyumba waliowasamehe wapangaji kodi, na wapo majirani waliopika sufuria moja wakagawa mara mbili. Hawakuamriwa na mtu. Hao waliisoma nusu ya pili ya Warumi 13, hata kama hawakujua kwamba wanaisoma.

Ndugu zetu, upanga waweza kumfunga mtu ndani ya nyumba, lakini hauwezi kumfanya amtakie jirani yake uzima. Hilo ni deni la upendo, na Paulo asema ni deni ambalo hatumalizi kulilipa. Tulilipapo, mkuu apata nafasi ya kuwa mkuu kweli, yaani mtu wa kuonyesha shimo lilipo, na kijana apata kusikia, na guu likawa salama.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, twakushukuru kwa uhai ulioulinda katika siku za hatari. Wafariji waliofiwa, waliopoteza wapenzi wao kwa ugonjwa, na waliowapoteza kwa mikono ya watu. Wape watawala wetu hekima ya kuona mbali na mioyo ya kuwahurumia walio chini yao. Wape askari wetu kujizuia. Nasi utupe dhamiri iliyo hai, tumtunze jirani hata pasipo wa kututazama. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mlale salama, na amani ya Mungu ikae nanyi.